Mafuta ya Zumaridi

"Zumaridi huzaliwa na nyufa," alisema mwalimu wa darasa la jioni la vito. "Wauzaji huzijaza mafuta. Mafuta hayo hupindisha mwanga karibu sawa na jiwe lenyewe, ndiyo maana jicho halioni ufa. Jiwe hilo msilitie kamwe kwenye mashine ya kuoshea yenye maji moto na mtetemo. Mafuta yatatoka."

Mama mmoja wa dawati la nyuma, msafishaji katika duka la sonara, aliuvuta mkoba wake karibu. Mchana ule ule alikuwa ameitia pete ya zumaridi ya wifi yake kwenye mashine ya namna hiyo, aing'arishe kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye leso, hajaitazama bado.

"Ee Mola, nisitiri," alinong'ona, akaifungua na kuiweka chini ya lenzi ya darasa. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetapakaa ndani ya ule ukijani kama utando wa buibui.

Mwalimu akainama. "Pete ya nani, mama?"

"Ya wifi yangu."

"Maskini!" akacheka jirani yake wa dawati. "Afadhali ingekuwa ya simba!"

"Jiwe halijavunjika," mwalimu alisema. "Mafuta yanarudishwa. Hatajua."

Hatajua. Neno hilo lilimtisha kuliko nyufa zenyewe, maana ndiyo sitara aliyokuwa ameiomba, nayo ilikuwa uongo.

Simu ikaita mkobani. Wifi. Akaipokea.

"Wifi yangu, kaa kitako kwanza. Nina jambo la kukwambia."