Mstari Uliokataliwa

Ziwa likipungua huacha alama nyeupe kwenye mawe. Hapa Mwanza hakuna asiyeijua alama hiyo. Mawe yamejaa kila upande, na kila jiwe linaloguswa na maji limejifunga mkanda wake mweupe: hapa maji yalifika, hapa yakakaa, hapa yakaondoka. Jiwe halibishani na mtu. Linaonyesha kilichokuwepo, basi.

Modesta aliyaona mawe hayo kila siku kutoka dirishani, ofisini kwao Kirumba, ghorofa ya pili, juu ya harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni. Aliyaona bila kuyatazama. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta, na moyo wake ulikuwa kwa C.

Jamani, alivyoipenda C! Lugha kongwe ya programu, imezaliwa kabla yake, ndiyo inayoendesha vidude vidogo visivyo na kioo wala kibodi: mita, mizani, pampu. C ilimpa kazi, C ikasomesha wadogo zake. C haikuulizi maswali. Unachokiandika inakipokea, umepatia au umekosea, na hicho ndicho alichokipenda hasa, kuaminiwa. Vijana walipomletea habari za lugha mpya, mara Go, mara Zig, mara Rust, aliwacheka mpaka wakanyamaza.

"Hizo lugha za waoga," alisema. "Mimi sishikwi mkono nikivuka barabara."

Ni Winnie, binti wa meza ya pili, aliyemng'ang'ania. "Dada Modesta, jaribu tu. Chukua kazi yako moja ya zamani, iandike upya kwa Rust. Ukiona haifai, sikusumbui tena."

Haya. Modesta akachagua kazi aliyojivunia kuliko zote, ili amkomeshe. Akachagua programu ya pampu ya kijiji kimoja cha Misungwi, kando ya ziwa, aliyoiandika miaka minane iliyopita.

Ngoja nikueleze pampu hiyo, maana aibu yote imelala humo. Bomba lilizama ziwani, na kando yake kidude cha kupima kina cha maji. Maji yakiwepo, taa ya kijani. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba, taa nyekundu, na mwangalizi aizime pampu. Mwangalizi alikuwa Mzee Shimba, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuitazama taa.

Kiangazi kimoja ziwa likashuka. Pampu ikavuta hewa, ikavuta hewa, mpaka ikaungua. Miezi mitano kijiji kikachota ziwani kwa ndoo, na watoto wakakojoa damu kwa kichocho. Watu walikuwa na hasira, na hasira hutafuta mtu.

"Taa ilikuwa ya kijani," Shimba aliwaambia mkutanoni. "Niliiona kwa macho yangu haya."

Wakamgeukia Modesta, mtaalamu wa mjini. Programu hakuwa ameifungua hata mara moja kuikagua. Alisimama, akatengeneza kitenge chake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Mashine haidanganyi."

Maneno mawili tu, Modesta. Mawili!

Shimba akafukuzwa kazi, akatengwa. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kukanyaga kwake hata kwa msiba, mpaka atoe dume la ng'ombe. Akalitafuta dume miezi mitatu, akalitoa, likachinjwa, kijiji kikala. Kwa desturi ya pale mwenye kosa haketi na walaji. Shimba alikaa peke yake juu ya jiwe, kule majini. Ini likachomwa, na kipande cha kwanza akapewa mgeni, Modesta, aliyekuwa amekuja kufunga pampu nyingine. Akala. Akasifu chumvi.

Sasa turudi Kirumba, mchana, feni inazunguka. Modesta anaandika upya kwa Rust, mstari kwa mstari, huku akitabasamu. Lugha hii ina kompaila kali, yule mkaguzi anayesoma kazi yako kabla mashine haijaipokea. Akafika mstari wa mia mbili na kumi na nne. Mkaguzi akakataa.

Modesta akaandika tena. Ikakataa. Akaitukana kidogo, akaupindisha mstari. Ikakataa. Ujumbe ulikuwa uleule, hauna hasira wala haraka: kitu hiki umekwisha kukiachia, huwezi kukisoma tena.

Ndipo akausoma mstari wake kwa mara ya kwanza tangu auandike. Kipimo cha maji alikuwa amekiweka mahali fulani katika kumbukumbu ya kile kidude. Akapaachia mahali hapo, patumiwe na wengine, na chini zaidi taa ikaendelea kwenda palepale kuuliza habari za maji. Ni kama kupiga hodi kwa mtu aliyekwisha kuhama. Siku nyingi vyombo vyake bado vimo, unaona yupo. Siku moja anaitika mpangaji mwingine, na wewe unamwamini.

C ilimwona akikosea, ikampisha. Taa ilikuwa ya kijani.

Masikio yakamwaka moto. Mdomoni ikamrudia ladha ya ini lile la siku ile, na chumvi yake. Loo, Modesta! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo umeivaa harusini na kanisani.

"Vipi, Rust imekushinda?" Winnie akatania.

"Kichwa kinaniuma," akajibu. Uongo mwingine huo, mdogo, juu ya ule mkubwa.

Siku tatu alitembea akitazama viatu vyake. Nani angejua? Programu ilikuwa yake peke yake, angeifuta ikafutika. Kijiji kilikwisha kula, kilikwisha kusahau. Lakini taa ilikuwa ya kijani. Akioga, taa ilikuwa ya kijani. Akisali, taa ilikuwa ya kijani. Siku ya nne akamweleza Winnie yote. Mficha uchi hazai. Jumamosi Modesta akaenda.

Alimkuta Shimba akimwagilia nyanya kwa ndoo, mgongo umepinda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamtazama. "Mtaalamu."

Hakulisema kwa kejeli, na ndiyo maana lilimchoma. Modesta akaeleza, kwa lugha nyepesi, bila kujitetea. Shimba akaiweka ndoo chini.

"Taa ilikuwa ya kijani," alisema.

"Ndiyo, baba. Ilikuwa ya kijani."

"Mama Ngosha, mke wangu, alikufa miezi ileile niliyotengwa. Tulimzika watu wanne."

Hilo Modesta hakulijua. Akapiga magoti kwenye tope la nyanya.

"Inuka. Usinipigie magoti mimi, mimi nilikuwa najua," Shimba akasema. "Kawaambie wale. Palepale, kwa sauti ileile."

Akawaambia. Mkutanoni, palepale, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Taa ilikuwa ya kijani. Mzee Shimba alisema kweli. Kosa nililiandika mimi, na nilisema mashine haidanganyi nami sikuwa nimeikagua." Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea! Waliinama, mmoja mmoja, kila mtu akitazama miguu yake, miguu ambayo haikwenda kumzika Mama Ngosha.

Modesta akaiandikia pampu yao programu mpya, kwa lugha ile inayokataa, bila malipo. Kisha akatoa dume, kama desturi inavyotaka. Likachinjwa. Na yeye, mwenye kosa, akaenda kukaa juu ya jiwe kule majini, mgongo kwa watu, akisikia harufu ya nyama.

Ini lilipoiva, jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Shimba. Mzee akapokea kipande chake, akawapita waliomtengea kiti, akateremka hadi jiweni, akaketi kando yake. Ziwa limejaa miaka hii. Akanyoosha kidole cha mguu majini.

"Alama ya mwaka ule iko hapo chini," alisema. "Haionekani, lakini ipo."

Akalikata ini kwa kisu, vipande viwili, akamsogezea kimoja.

"Siwezi, baba."

"Kula, mwanangu. Siku ile mimi hakuna aliyeniletea."

Akala, macho yake majini, pale kilipokuwa kidole cha mzee, na safari hii hakusema neno juu ya chumvi.