Mji Uliomo Ndani ya Bi Mwanakheri

Aibu nayo huua, nyie! Bi Mwanakheri amejidunga insulini adhuhuri, akijua pilau limeshaiva na wageni wa kumposa mjukuu wake Tunu wako njiani. Wageni wanachelewa, na kwao mwenye nyumba hatii tonge kinywani kabla ya mgeni. Basi anangoja, bibi wa watu, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, mkeka unapanda na kushuka, naye anazama ndani yake mwenyewe kama sukari kwenye chai. Lo! Yumo mjini, barabara nyekundu hazina mwisho, nyumba zinatazamana kama mtu na kioo chake, milango yote i wazi, maana sindano imeifungua, na kila nyumba inameza sukari ya barabarani mpaka taa zinafifia. Mtu asiye na uso anamkabili. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Bi Mwanakheri. Mfalme wangu hula saa zote, na ghala hana. Ubongo! anatamka, na mwili unamsisimka, kwa kuwa mfalme huyo ni wake. Juu huko ubongo umekwisha kuonja damu, umeona sukari imepungua, nao unatuma wajumbe, homoni, kutoka kwenye kitezi kidogo chini yake; wanateremka na damu hadi kwenye vitezi vilivyo juu ya figo, wanaamsha wenzao, hao mbio kwa ini: fungueni ghala! Ini linafungua, sukari inamwagika, taa zinawaka mtaa kwa mtaa. Subhanallah, analia Bi Mwanakheri, haya yote ndani yangu, na sijawahi hata kuwashukuru! Lakini taa zinafifia tena. Ghala limekwisha, anasema asiye na uso, umebaki mlango mmoja, komeo lake ni adabu. Bi Mwanakheri anajigusa midomo: ameikaza. Wageni hawajala, ananong'ona. Mfalme akizimika, anajibu asiye na uso, watakuta matanga.

Anafungua. Sharbati inamteremka kooni, na Tunu, aliyetoka chumbani bila hata mtandio, bilauri mkononi, analia juu yake: Bibi, adabu gani hii ya kujiua? Wageni wamefika, wamemzunguka. Niwieni radhi, anasema Bi Mwanakheri, nimewatangulia. Mama wa mposaji anakata tonge la pilau, anamlisha kwa mkono wake. Kula, mama. Ukifa, sisi tutakuwa wageni wa nani?

Bi Mwanakheri anatafuna, machozi yanamtoka. Anasikia watu wakikimbia, na hajui kama ni watoto uani au ni wale wa ndani. Anaachama apewe tonge jingine.