Namba Sita Nyuma ya Mlango

Kule Kuresoi kila mtu alijua Kipruto ana gari mpya kila wiki, na kila mtu alijua familia yake inapanda boda.

"Chesang, leo baba yako ako na gani?" wasichana wa darasa lake walikuwa wanamuuliza. "Ile ya juzi imeisha mafuta?"

Chesang hakuwa anajibu. Yeye alikuwa mtu wa kujibu kichwani, akishafika nyumbani. Hapo ndipo angewaambia vizuri: baba si mwenye magari, baba ni dereva wa transit. Anachukua gari bandarini Mombasa, bado zina nailoni kwa viti na namba ya muda mbele na nyuma, anazipeleka Uganda na mbele zaidi. Hizo gari haziruhusiwi kukaa Kenya. Zinapita tu, kama mgeni amekataa chai.

Aliyekataa kabisa kuelewa ni Gogo, mama yake Kipruto.

"Mtoto wangu anaendesha gari ya jana, na mimi sijakalia hata kiti yake?"

"Gogo, si zake."

"Nani ameshika usukani?"

"Ni yeye."

"Basi ni zake. Wacha kunisomea."

Kipruto aliachia shule darasa la nne. Kampuni ilipompa karatasi ya sheria, Kiingereza tupu, alitoa kopi akaleta nyumbani, na Chesang wa form two akamsomea mezani. Asibebe mtu wa kulipa. Asiendeshe usiku. Asitoe namba ya muda. Asitoke kwa barabara aliyopewa, maana gari imefungwa kifaa kinaambia watu wa control room iko wapi. Baba alitingisha kichwa kwa kila moja kama ako kanisani, halafu akapigilia karatasi nyuma ya mlango. "Huyu ndiye wakili wangu," akawa anaambia watu mpaka Salgaa, kule malori husimama.

Mwezi wa saba, katikati ya mvua, Gogo aliamka pumzi imemkwama. Nesi wa zahanati akasema ni mapafu, apelekwe Nakuru leo, si kesho. Ambulensi ilipigiwa haikushika. Pickup ya kubeba viazi ilikuwa imezama kwa matope mpaka milango. Mama, Sally, akampigia Kipruto.

Alikuwa Salgaa, amesimama kunywa chai.

"Hii niko nayo leo inaweza pita hayo matope ikicheza," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anajisifu. "Dakika tisini niko hapo. Mpe Chesang simu."

Chesang akashika.

"Chesa, enda kwa mlango. Nisomee namba sita. Pole pole. Angalia kama kuna kanjia ka kupenyea."

Akasimama mbele ya karatasi. Nyuma yake Gogo alikuwa anavuta pumzi kama mtu anakokota gunia kwa changarawe. Namba sita ilisema: *No diversion from the route, save with permission of the control room.*

Diversion alijua. Permission alijua. Shida ilikuwa hiyo save. Save ni kuweka namba ya mtu kwa simu. Save ni kuokoa. Hapo katikati ilikaa vibaya, kama jiwe ndani ya githeri. Angesema tu, Baba, hapa sielewi. Lakini baba alikuwa na wakili, Salgaa yote ilijua, na ulimi wake ukawa ule wa darasani, ule hulala ukiitwa.

"Inasema usitoke kwa njia," akasema. "Na u-save permission ya control room."

"Nisave?"

"Eee. Namba yao."

"Hiyo nilisave kitambo." Lori likapiga honi huko kwake. "Hakuna kitu ingine?"

"Hakuna."

Kikombe kikagonga meza.

"Dereva mwenzangu Masinde alitoka barabara kilomita mbili tu, kununua maziwa," baba akasema, kama anajiongelesha. "Leo anachunga ng'ombe za wenyewe. Na hao watu, hata kuwauliza ni kujichomea. Sawa. Ambia mama yako atafute boda."

Gogo alikuwa amesikia jina la Kipruto kwa simu, akaitisha rinda ya Jumapili. Walimvalisha. Kipkirui wa boda akaja, wakamweka katikati yake na Mama, wakamfunga na shuka asianguke.

"Gari iko wapi?" Gogo akauliza.

"Iko njiani," Mama akasema.

Chesang alikimbia nyuma yao mpaka mlima ukamshinda. Kabla ya Molo, Kipkirui alisikia mgongo wake umekuwa mzito. "Mathe," akamwambia Mama bila kugeuka, "wacha tusimame."

Baba alirudi kutoka mpakani Malaba na basi, wakamzika Gogo. Wajomba walipoanza kunong'ona, mtu na gari mpya, dakika tisini, aliwajibu mara moja tu: "Ni sheria. Chesa alinisomea. Kama kungekuwa na kanjia, angekaona."

Wiki tatu baadaye, Madam Winrose wa Kiingereza akaandika ubaoni: *All the girls passed save one.*

"Save hapa ni nini?"

Akalipigia hilo neno mstari.

"Isipokuwa," Madam akasema. "Wote wamepita isipokuwa mmoja."

Usitoke kwa njia, isipokuwa kwa ruhusa ya control. Simu moja. Na namba yao baba alikuwa nayo. Chesang akaandika *isipokuwa* kwa daftari, vizuri, kama wengine, halafu akaangalia hilo neno mpaka kengele ikalia na hakusikia.

Jumamosi baba alikuja na karatasi mpya, sasa ni ya kwenda mpaka Juba.

"Wakili, keti."

Akasoma moja mpaka tano. Mama alikuwa anamenya viazi. Baba alikuwa amekonda, shingo imepotea ndani ya koti, lakini uso wake ulikuwa umetulia, ule utulivu wa mtu alifanya vile aliambiwa. Hakuwa na kitu kingine amebaki nacho.

"Sita ni ile ile?"

Chesang alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo, moja tu.

"Ni ile ile," akasema. "Usitoke kwa njia. Na u-save."

"Iko saved," baba akasema, akainuka kutafuta msumari.