Sabuni ya Alizeti

Siku fundi Baridi alipoingia nyumbani na mizani, ndoo mbili na kopo la kostiki, yale magadi makali yanayochoma ngozi, mkewe alidhani amepata kazi ya kuzibua mabomba ya watu.

"Hapana," alisema Baridi akivua viatu mlangoni. "Nataka kutengeneza sabuni."

"Maduka yamefungwa?"

"Yako wazi. Nataka kutengeneza mwenyewe."

Mkewe alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi, kama mtu anayetafuta homa imeingilia wapi, kisha akarudi jikoni.

Baridi alikuwa fundi wa majokofu. Jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya kazi yake, likamkaa vizuri kwa ajili ya tabia yake. Ungeweza kumletea friji iliyoozewa na nyama, ukamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyekata umeme, naye angekuuliza tu kwa upole kama mlango unafunga vizuri. Ugomvi hakuujua. Ukweli ukiwa mchungu, alikuwa radhi aumeze peke yake kuliko kumwonjesha mwenzake. Watu walimpenda kwa hilo. Mkewe naye alimpenda kwa hilo, ila si kila siku.

Mkewe pia alikuwa na jina lake: mtaa mzima ulimwita Pua. Alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni kwa jirani akasema, "Hayo maziwa yachemsheni leo, kesho yamekwenda," na kesho yakaenda kweli. Binti yao alipokuwa msichana, hakuna moshi wa sigara uliopita pale nyumbani bila kuulizwa umetokea wapi. Jikoni hakuonja. Alifunua sufuria, akanusa mvuke, akaongeza chumvi, akafunika.

Kisha mwaka uliopita akashikwa na homa. Alilala siku chache, akakohoa, akapona. Lakini alipoinuka kitandani, harufu zilikuwa zimeondoka. Kahawa ilikuwa maji ya moto tu. Kitunguu kilimtoa machozi bila kumwambia neno. Daktari alimmulika puani kwa tochi, akasema mishipa ya kunusia imeumia. Huenda ikapona polepole, huenda isipone, tuvute subira.

"Subira ninayo, daktari," alijibu. "Pua ndiyo sina."

Watu wakaanza kulitamka lile jina kwa sauti ya chini, halafu wakaliacha kabisa.

Aliendelea kupika kwa kukumbuka, kama mtu anayepita gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kilichomtia Baridi wasiwasi ni kuoga. Mkewe alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni, tena kwa sabuni kali ya mche, ile ya kufulia, mpaka ngozi ya shingo na mikono ikapasuka na kutoa unga kama ukuta uliochakaa chokaa. Baridi alimnunulia mafuta ya kupaka ya kila aina, hayakusaidia kitu. Kumuuliza kwa nini, hakumuuliza.

Ndipo akaitwa kutengeneza friji ya mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe na paka wengi. Alipomaliza akaenda kunawa, akakuta kwenye sinki kipande cha sabuni rangi ya maziwa. Mikono yake, iliyokuwa imejaa grisi na mikwaruzo, ilitoka safi na laini hadi akaigeuza kuitazama.

"Hiyo naitengeneza mwenyewe," mwalimu alisema. "Wala haipikwi. Ni mafuta, maji na kostiki, vinapikana vyenyewe kwa joto lao. Halafu unaiacha wiki kadhaa ikomae, ukali wote uishe."

Akamweleza vipimo na hatua. Baridi alipokuwa tayari getini, mwalimu akamwita arudi. "Usije ukasahau: kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, itakurukia usoni."

Kwa hiyo Jumamosi ile Baridi alipanga vitu vyake uani, akavaa glavu na miwani yake ya kuchomelea, akapima kila kitu kwa umakini ule ule anaopimia gesi ya friji. Kostiki ilipoingia kwenye maji, jagi likapata moto na mvuke mkali ukapanda. Akageuza uso, akasubiri utulie. Baadaye akayamimina maji yale kwenye mafuta ya nazi na ya zeituni, akaanza kukoroga. Akakoroga mpaka bega likalalamika.

"Bado," sauti ilisema nyuma yake.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umejuaje?"

"Miaka yote hii nakoroga uji, nisijue kinachoshika na kisichoshika? Tena unakoroga kama mtu aliyedondosha pete. Hebu lete huo mwiko."

"Vaa glavu kwanza."

Alivaa glavu, akavaa na ile miwani, na Baridi akajizuia kucheka. Mkewe alikoroga taratibu, jicho kwenye ndoo, bila kuinua kichwa. Kitambo kikapita. Kisha akainua mwiko, akaacha mchanganyiko udondoke. "Unaona? Sasa tone linakaa juu, halizami. Mimina."

Walimimina kwenye droo ya kabati bovu iliyotandikwa karatasi, wakaifunika blanketi. Kesho yake wakaikata vipande, wakavipanga kwenye rafu katika chumba cha binti yao, kilichokuwa kitupu tangu aolewe. Sabuni ilipokomaa, mkewe aliichukua bila maelezo, na ile ya mche ikarudi kwenye nguo. Shingo yake ikaanza kupona.

Basi ikawa ndiyo Jumamosi zao. Mke alishika mwiko na rangi: manjano, unga wa kahawa, udongo mwekundu. Mume alishika kostiki na manukato, na kwa manukato, Mungu amsamehe. Aliamini kuwa kikizidi ndiyo kinanoga.

Mtu wa kwanza kumwambia kuwa anazidisha alikuwa dada yake, mama mcheshi asiyejua kunong'ona, ambaye alikuja kuwaona akapewa kipande cha sabuni ya mchaichai. Alipiga chafya hadi kilemba kikalegea.

"Kaka, hii ni ya kuogea au ya kufukuzia mbu?"

Wote wakacheka. Katika kicheko hicho dada mtu akajisahau. "Pua, hebu nusa na wewe uone mumeo anavyo..."

Kicheko kikakatika. Mkewe Baridi aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda kuviosha.

"Wifi, nisamehe," dada alimfuata hadi mlango wa jikoni. "Mdomo wangu huu."

"Huna kosa, wifi. Ndilo jina langu."

Jioni ile, mgeni alipokwisha kuondoka, Baridi alimkuta mkewe ameketi ngazi ya nyuma. Akaketi karibu naye. Ni mkewe aliyeanza.

"Unajua kinachonisumbua? Si chakula. Ni mimi mwenyewe. Nikikaa na watu sijui kama nanuka. Nikiinua mkono sijui. Ndiyo maana naoga."

"Hunuki."

"Wewe ungeniambia?"

"Ningekuambia."

"Usingeniambia. Hujawahi kumwambia mtu jambo baya tangu nikujue. Yule aliyekuletea friji ya kutupwa jalalani, ulimwambia ina matumaini."

Baridi alijikuna kidevu. Friji ile kweli haikuwa na matumaini yoyote.

"Niahidi," mkewe alisema. "Siku nikinuka, utaniambia waziwazi. Na kingine chochote. Wewe ndiye pua yangu sasa."

Akamwahidi, na wakati anaahidi alikusudia kutimiza.

Miezi ikapita. Binti yao akapiga simu kusema atakuja kuwasalimia, na mama mtu akaamua kumtengenezea sabuni zake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, mume asiguse kitu. Alitumia mafuta ya alizeti ya dumu lililokuwa kwenye dirisha la stoo, akagawa mchanganyiko mara mbili, nusu njano na nusu nyeupe, akaumimina kwa kuzungusha mkono hadi mistari ikalala kama mawimbi. Alipokuwa anamimina alikuwa anaimba. Baridi, aliyekuwa anajifanya anasafisha feni, aliacha kusafisha ili asikilize.

Wiki kadhaa baadaye Baridi aliingia chumba cha binti kuzigeuza sabuni. Alipoinua moja ya zile za mistari, chini yake ilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, kama kutu. Akaileta puani. Mafuta yaliyochacha. Akakumbuka dumu lile lilikuwa limekaa dirishani kwenye jua muda gani, akajua ni zote.

Hapo ndipo alipopaswa kumwita mkewe. Badala yake alizihamishia rafu ya chini kabisa, akateremsha pazia la rafu, akafungua dirisha.

"Zangu vipi?" mkewe aliuliza wakati wa kula.

"Bado hazijakomaa."

Akauliza tena wiki iliyofuata. Bado hazijakomaa. Dada yake alipopita siku moja karibu na chumba kile akaziba pua. "Kaka, kuna panya kafia humu?" Baridi akamkonyeza na kumsukuma taratibu kuelekea sebuleni.

Alasiri moja alikuwa mbele ya nyumba, na mota ya friji imetapakaa kwenye gazeti, aliposikia mkewe akipiga kelele.

"Mzee! Mzee, njoo!"

Alikimbia akidhani kostiki imemwagika. Akamkuta mkewe mlangoni mwa chumba cha binti, amekumbatia mashuka, macho yamemtoka.

"Kuna kitu kinanuka humu."

"Hapana," Baridi alijibu, kwa mazoea, "ni lile dirisha, nimelisahau wa..." Akakwama. "Umesema nini?"

"Nimesema kinanuka! Kama kikaango kilichosahauliwa na mafuta yake. Kinanuka vibaya, mzee! Kinanuka vibaya sana!"

Mashuka yakaanguka. Mkewe alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na Baridi akamshika mikono, wakawa wanazunguka pale mlangoni kama watoto. Kisha mkewe akajitoa. Akavuta pumzi, akageuza kichwa, akavuta tena. Alikwenda hatua kwa hatua hadi rafu ya chini, akainua pazia.

Akachukua kipande kimoja, akakigeuza.

"Hizi ni zangu."

"Ndiyo."

"Zimeharibika."

"Ndiyo."

"Na umezificha. Nakuuliza kila wiki, unaniambia hazijakomaa. Si uliniahidi?"

Mkewe aliokota mashuka, akampita. Mchana uliobaki hakumsemesha. Ila kila baada ya muda Baridi alimwona akirudi kwenye kile chumba, anafungua mlango, anavuta pumzi, anakunja uso, anafunga mlango na kuondoka akiwa ameridhika.

Mezani ndipo Baridi alipopata ujasiri. "Nisamehe. Siku ile ulikuwa unaimba. Sikuwahi kukusikia ukiimba tangu homa. Nikaogopa kukuvunja moyo."

"Sabuni ni sabuni. Ningeitupa nikatengeneza nyingine," alisema mkewe. "Lakini ukinificha moja, na mengine yote uliyoniambia nayatilia shaka. Hata lile la kwamba sinuki. Umeona ulivyonirudisha bafuni?"

Hilo lilimwingia Baridi kuliko matusi ya wateja wote aliowahi kuwa nao. Hakulala nalo vizuri, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, akamchemshia chai bila kuombwa.

Pua ya mkewe haikurudi kwa mkupuo. Ilirudi ovyo ovyo, kama umeme baada ya dhoruba. Kahawa ilimnukia mpira unaoungua. Waridi halikuwa na kitu. Siku moja akanusa ndimu, ndimu yenyewe hasa, akaishika kiganjani asubuhi nzima. Kesho yake ikapotea tena. Daktari akasema hizo ni dalili njema. Zile sabuni za alizeti alikataa zisitupwe, akasema ndizo anazofanyia mazoezi.

Siku moja alirudi kutoka sokoni na mzigo, jua la utosi, akasimama mbele ya mumewe. "Haya. Nanuka?"

Baridi aliweka bisibisi chini. Jibu la zamani lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Leo ndiyo," alisema. "Jasho. Si sana, lakini lipo."

Mkewe alimkodolea macho. Kisha akacheka hadi akalazimika kuketi juu ya friji ya mteja. "Asante, mume wangu," alisema alipopata pumzi, akaenda kuoga. Siku ile aliingia bafuni mara hiyo moja tu.

Wiki kadhaa kabla binti yao hajafika, walikwenda dukani pamoja kununua mafuta mapya ya kumtengenezea sabuni nyingine. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye maneno mengi, aliwafungulia dumu. "Haya ni ya juzi tu, mama. Safi kabisa."

Mkewe Baridi aliinama, akanusa, akatikisa kichwa. "Mimi leo sipati kitu. Mzee, hebu wewe."

Baridi akanusa. Akanusa tena. Muuzaji alikuwa anatabasamu, na nyuma yao wateja wengine walikuwa wanasubiri. Masikio ya Baridi yakaanza kupata moto.

"Yamechacha," alisema.

"Hayawezi, mzee wangu. Labda pua yako..."

"Yamechacha, kijana. Pole. Usimuuzie mtu."

Mteja mmoja aliyekuwa nyuma akarudisha dumu lake kwenye rafu. Muuzaji akanuna. Baridi alitoka nje haraka, jasho linamtoka, mkewe anamfuata huku amejiziba mdomo kwa mtandio, akizuia kicheko.

"Umemwona alivyokasirika?" Baridi aliuliza walipofika barabarani. "Nilidhani atanipiga na dumu."

"Nimemwona," mkewe alisema, akimshika mkono. "Twende duka la pili. Na huko utaanza wewe kunusa."