Katoni ya CD za Bure

Nilimpenda Sostenes kabla sijajua kwamba anapenda Linux. Ningejua mapema, ningejipanga.

Wakati huo nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mandewa, mjini Singida, na yeye ndiye alikuwa fundi wa kompyuta yangu. Alikuwa na ugonjwa mmoja: kila mteja aliyeingia kuchapisha barua lazima ahubiriwe. Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, haina mwenyewe, alisema, wameitengeneza watu wa dunia nzima, kila mtu aichukue, aigeuze anavyotaka, amgawie na jirani. Tena ni bure. Hapo kwenye "bure" ndipo wateja walipomkimbia. Soko huria lilikuwa limeshatutia adabu: hata maji ya kunywa yana bei, sasa wewe unagawa kitu hivi hivi, kina nini? Walitaka Windows. Wakaenda stendi kununua CD iliyonakiliwa kwa wizi na mtu wasiyemjua jina, wakarudi wakitamba kwamba yao ni ya kununua.

Hao niliwacheka. Aliyeninyima usingizi ni baba. Mzee Mughwai wa Mtinko zamani alikuwa mwanachama wa duka la ushirika la kijiji, duka la wote, na wote wakalila mpaka rafu. Tangu hapo akisikia "ni yetu sote" anashika mfuko. Na bila yeye kukubali, hakuna ndoa. Nikamwambia Sostenes: siku ya posa, zungumzia mvua.

Alikuja na mshenga wake, Damiani, wakaleta sukari na blanketi la mama. Mpaka hapo safi. Kisha akashusha katoni nzima ya CD za Linux, alizotumiwa kwa posta kutoka ng'ambo.

"Hii ni zawadi yako, mzee."

Baba aligeuza moja, akajitazama sura. Kwake hakuna umeme, achilia mbali kompyuta. "Umenunua kwa kiasi gani?"

Kule jikoni nilifumba macho.

"Bure, mzee! Linux haiuzwi!" Na mahubiri yakaanza.

Baba aliyaacha yaishe. "Kwa hiyo umekuja kuposa kwangu na kitu cha bure. Na binti yangu naye umesikia ni wa bure?"

Damiani akakohoa. Sostenes, Mungu wangu, akaanza kufafanua uhuru wa programu mbele ya mzee aliyekasirika. Nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi.

"Baba, dume wako amepanda majike ya kijiji kizima. Ndama wa Mtinko wote wana paji lake jeupe. Umewahi kumtoza mtu? Yeye mwenyewe amepungua?"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Damiani alijibana asicheke, chai ikamtokea puani.

"Eliana, rudi jikoni," baba alisema.

Wageni wakala, wakaaga, jibu hawakupewa. Katoni ikabaki. Nililia njia nzima kurudi mjini, kwa aibu na kwa hasira, zaidi kwa hasira. Nilimtaka mjinga yule kuliko mwanamume yeyote mwenye akili, na nilikuwa nimemtetea kwa ng'ombe.

Uwele ulipoanza kukomaa nilikwenda Mtinko kusalimia, roho juu juu. Kwa mbali niliona shamba la baba linametameta. CD zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba kutoka mti hadi mti, zinageuzwa na upepo, na ndege hawasogei. Muda wote ule Sostenes hakupata mtumiaji hata mmoja. Sasa alikuwa na ekari mbili.

Jirani yetu Alute alisimama mpakani, anauliza zinauzwa wapi.

"Haziuzwi," baba akamjibu, huku akimfungulia kadhaa. "Za mkwe wangu hizi. Chukua, mgawie na jirani yako Idrissa."

Nikashika nguzo ya uzio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakunitazama, alikuwa anakaza fundo. "Mwambie cha bure nimeshapokea. Sasa alete ng'ombe."