Pepesa Macho

Watu wote walimwita Fundi Meno, hata mumewe, na yeye alilipenda jina hilo kwa sababu alilipata kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, chumba chenye dirisha moja, meza iliyojaa vumbi jeupe la plasta, na rafu ya mataya yaliyopangwa kana kwamba yanacheka pamoja. Plasta ikishamiminwa haiharakishwi. Unaiacha igande, na wakati inaganda Fundi Meno aliegemeza simu yake kwenye kopo la nta akatazama mpira wa wavu wa wanawake.

Si mpira wa wavu wowote. Alitazama daraja la pili la nchi moja ya mbali yenye baridi. Majina ya wachezaji wake hakuweza kuyatamka, ila mikono yao aliijua kama alivyojua fizi za wateja wake. Ujanani aliucheza mchezo huo. Yeye ndiye aliyewainulia wenzake mipira wapige, na kocha wao, mama mmoja mkali asiyejua kusifu, alikuwa na agizo moja tu kwake: mpira ukija, usipepese macho. Alirushiwa mipira usoni wiki nzima mpaka macho yakasalimu amri.

"Leo wenye jezi za njano wanashinda seti tatu bila," alikuwa akimwambia dada wa mapokezi, rafiki yake mkubwa pale kazini. Na wenye njano walishinda. Kesho yake alitaja wenye bluu, nao wakashinda.

"Shoga yangu, wewe umekalia pesa," dada wa mapokezi akamwambia siku moja, akiwa amekuja na vikombe viwili vya chai. "Beti basi, uache kunipigia kelele bure."

Fundi Meno alipokea kikombe chake. Neno hilo lilikuwa na kisa chake nyumbani. Mwaka uliopita yeye na wenzake kazini waliwekeana dau la soda, soda tu, mumewe akapata habari. Mumewe alikuwa wakala wa bima, mtu wa tai na maneno mengi, wala hakumgombeza faraghani. Alimwita dada yake mkubwa, akamketisha mkewe kwenye kochi la sebuleni, akamtaka aombe radhi mbele ya wifi yake. "Nyumba hii haikai na mcheza kamari," alisema, kidole kikiwa juu. Fundi Meno aliomba radhi. Radhi ile ilimkwama kooni mwaka mzima kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Kwa hiyo siku ile alipoweka kikombe chini na kusema sawa, hakusema kwa tamaa. Alisema kwa sababu amechoka. "Nitabeti. Kwa jina langu, kwa simu yangu, kwa jasho langu. Anayetaka kuitisha kikao, aitishe."

Sasa, kampuni za kubeti za pale walipoishi zilijua kandanda tu. Mpira wa wavu wa daraja la pili ulikuwa huko ng'ambo, na huko hupeleki noti kwa mkono. Ilibidi achague njia ya kulipia, na kuchagua ndiyo kazi yake. Mtu aliyepima nta na plasta miaka kumi na sita hababaishwi na rangi ya kopo.

Kadi ya benki aliitupa mapema. Benki yenyewe haikutaka kusikia habari za kubeti, na hata ingekubali, taarifa za akaunti ile zilikuwa zikiingia kwenye simu ya mumewe. Binamu wa dada wa mapokezi alisifia sarafu za mtandaoni. Aliulizwa maswali mawili, akaanza kutokwa jasho. Jamaa mmoja wa duka la simu, mwenye saa mbili kwenye mkono mmoja, alijitolea kumwekea pesa kwa njia zake. "Dakika moja tu, dada yangu, imeingia."

"Na kuitoa?"

"Kuitoa? Aa, kuitoa tutaongea."

"Basi tukishaongea ndiyo nitaweka."

Dada wa mapokezi alivunjika mbavu njia nzima ya kurudi kazini. "Yaani kila mtu unamuuliza kutoa, na hata kuweka hujaweka!"

"Meno ninayotengeneza mimi lazima yaingie na yatoke," Fundi Meno akasema. "Yakiingia yakagoma kutoka, hayo si meno tena, hiyo ni ajali."

Ikabaki pochi moja ya mtandaoni, yenye nembo ya kijani. Masharti yake aliyasoma yote, mstari kwa mstari, mchana kutwa, mpaka mteja mmoja akaambiwa arudi kesho kuchukua taya lake la chini. Ada ya kuweka ilikuwa ndogo. Ada ya kutoa iliandikwa waziwazi, si kwa herufi za sisimizi. Na kulikuwa na sharti moja lililompendeza kuliko yote: hakuna anayetoa pesa nyingi ila mwenye jina, tena kwa uso wake ulio hai. Unasimama mbele ya simu, unageuka kushoto, unageuka kulia, unapepesa macho. Picha haiwezi kupepesa, ndiyo maana wakataka hivyo.

"Hawa wana akili," akasema, akapiga picha kitambulisho chake.

Simu ilizungukazunguka. Kisha ikaandika: Kitambulisho hiki tayari kina akaunti. Tumetuma namba ya siri kwenye simu inayoishia na 74.

"Sabini na nne ndiyo nani?" dada wa mapokezi akauliza, akichungulia begani kwake.

Fundi Meno aliisoma tena ile namba. Sabini na nne aliijua. Ndiyo namba aliyoipigia kila jioni akitoka kazini, kuuliza kama nyumbani kuna mkate.

Alipiga huduma kwa wateja palepale, mikono ingali na plasta. Mwanamke aliyepokea alimuuliza tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na jina la mama yake, kisha akamtaka awashe kamera amwone. Aliporidhika, alishusha sauti kama jirani anayeongea ukutani.

"Mama, akaunti hii ina miezi tisa. Karibu kila siku inapeleka pesa kwenye tovuti za kubeti za nje. Sasa kuna ushindi mkubwa umefika hapa kwetu na haujatoka. Unasubiri uso wako. Yamebaki majaribio matatu, na mwisho ni kesho jioni. Yakishindikana, akaunti inafungwa na pesa inarudi kule kwenye tovuti ilikotoka."

"Ni kiasi gani?"

Akatajiwa. Fundi Meno aliketi. Walikuwa na nyumba yao, imesimama mwaka wa tatu bila paa, majani yameota sebuleni. Pesa hiyo ingeezeka, ikapiga na rangi.

Hapo ndipo akili yake iliporudi Jumatatu. Mumewe alikuja jikoni na simu mkononi, mpole kama mgeni. "Hebu nitazame hapa kidogo, mke wangu. Ni ya bima ya familia." Yeye alikuwa akikata vitunguu, amefumba macho kwa machozi, wakacheka wote wawili, simu ikakataa. "Basi tufanye Ijumaa," mumewe akasema. "Dada atakuja, tutapiga na picha za ukumbusho." Na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Nimeandika malalamiko yako," alisema yule mwanamke kwenye simu. "Akaunti hii ikishafungwa, utafungua yako, kwa namba yako. Ukitaka naifunga sasa hivi."

Fundi Meno aliyatazama mataya kwenye rafu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa tamu. "Usiifunge," akasema. "Acha kwanza aniombe."

Ijumaa mchana wifi alikuja na khanga mpya na mkoba mkubwa, akakaa kwenye kochi lilelile, akapewa chai. Mumewe alikuwa amevaa tai nyumbani. Alizunguka sebule akitafuta mwanga, akafungua pazia, akafunga, akafungua tena.

"Njoo hapa dirishani, Fundi wangu. Dakika moja tu."

"Ya nini hii?"

"Si nilikwambia? Bima ya familia."

Akasimama. Simu ikamwambia ageuke kushoto, akageuka. Ikamwambia ageuke kulia, akageuka. Ikamwambia apepese macho, na sekunde zikaanza kuhesabika pembeni, ishirini kushuka chini. Fundi Meno alikikazia macho kioo kile kama mpira unaomjia usoni. Sekunde zikaisha. Simu ikaandika kwamba haikufaulu.

"Pepesa macho, mke wangu. Hukuona wameandika?"

"Nimeona. Bima gani inataka nipepese?"

Mumewe alimtupia dada yake jicho. "Ni... ni kama akiba. Akaunti ya akiba. Nilikufungulia, nikataka nikushtukize."

"Masikini, kaka yangu anakufikiria," wifi akasema kutoka kwenye kochi. "Mpepesee basi mwenzio, yaishe tunywe chai."

Mara ya pili. Kushoto, kulia. Macho yalianza kumwasha, maji yakajaa, yakamwagika mashavuni mpaka kidevuni. Hakupepesa.

"Jamani wifi yangu, unalia?"

"Silii, wifi. Naangalia tu."

Simu ikakataa mara ya pili, ikaonya kwamba limebaki jaribio moja. Tai ya mumewe ilikuwa imelegea, na mkono uliokuwa ukipanda na kidole juu sasa ulikuwa ukifuta kioo cha simu kwa ncha ya tai hiyo.

"Sabini na nne," Fundi Meno akamwambia kwa sauti ya chini. "Mwambie dada yako ni uso wa nini unautafuta. Mwambie kwa kinywa chako."

Wifi aliweka kikombe chini.

"Nabeti," mumewe akasema. Alipoanza, yakatoka yote. "Kwa jina langu walinifungia, kwa kuwa nilikuwa na akaunti tatu. Nikatumia kitambulisho chake. Miezi tisa sasa. Lakini nimeshinda, dada, safari hii nimeshinda kwelikweli! Ni pesa ya paa, mke wangu. Wallahi ni ya paa. Pepesa tu, mara moja tu, nakuomba."

"Wewe?" wifi akasema. "Wewe uliyenitoa kwangu mbio kuja kumhukumu mwenzio kwa soda?"

Mumewe aliinua simu kwa mikono miwili.

Fundi Meno aliliona lile paa. Aliliona vizuri, na mabati yake mapya, na moyo ulimuuma, asikwambie mtu. Aligeuka kushoto. Aligeuka kulia. Kisha akafungua macho yake yote mawili na kumtazama mumewe juu ya simu, si kioo tena, yeye mwenyewe, kumi na tano, kumi, tano, machozi yakimtiririka bila kilio, mpaka simu ikalia mlio mfupi na kuandika kwamba akaunti imefungwa.

"Si nimesema ukweli?" Sauti ya mumewe ilipasuka. "Si ndicho ulichotaka?"

"Umesema. Mimi nimesikia na dada yako amesikia."

"Sasa mbona hukupepesa?"

"Ulitaka kukodi uso wangu. Mimi meno nauza, uso siuzi."

Akajifuta mashavu kwa kiganja, akachukua simu yake mezani na kuiwasha. Wenye njano walikuwa wameshaingia uwanjani. Wifi alisogea kumpisha nafasi bila kuambiwa. Fundi Meno akaketi kwenye kochi, palepale alipoombea radhi, akapepesa macho mara moja, taratibu, kwa raha zake.