Wafu Hawalipi Kodi

Siku za kusafishwa damu, Nadine Hatcher alivaa sweta yake ya kijani yenye mkono mmoja. Ule mwingine binti yake, Tressa, aliukata begani kwa mkasi wa jikoni, ili wauguzi waufikie mshipa bila kumvua mama mtu nguo katika baridi ile. Viti vyote vya chumba vilikuwa vimejaa, na nusu ya waliokaa walikuwa wamehamia kutoka ng'ambo ya mto, mji wa Harlow, jimbo jingine. Huko ndiko kwao Tressa. Huko hospitali ilifungwa pale wenye kuimiliki walipogundua kwamba maskini wanaugua sana na kulipa kidogo, na jimbo likakaa kimya likitazama milango ikipigiliwa mbao.

Dirishani lilionekana daraja, na mwisho wa daraja, upande wa Harlow, bango kubwa. Msichana aliyevaa koti jeupe alikuwa akicheka. Chini yake chuo cha udaktari cha jimbo kiliandika: MADAKTARI WA KWETU KWA WATU WA KWETU.

"Unamwona yule?" Nadine alimuuliza mgonjwa mgeni wa kiti cha jirani. "Katoka humu." Akajipapasa tumbo. "Meno ya baba yake hayo. Mimi sikuwa na meno mazuri hivyo hata nilipokuwa nayo."

"Daktari!" Orville, mchimba makaa mstaafu, aliita kutoka kiti cha pembeni. "Njoo unisikilize mapafu bure sasa hivi, kabla hujaanza kututoza!"

"Mapafu yako yanasikika mpaka barabarani, Orville," Tressa alimjibu, na chumba kizima kikacheka. Alicheka nao.

Vyuo viwili vilikuwa vimempokea, na cha jimbo ndicho kilichompiga ile picha ya bango siku ya usaili. Cha kibinafsi, huko mjini nyuma ya milima, ada yake ilikuwa mara tatu ya kile cha jimbo. Mwisho wa kuchagua ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mtu hushika kiti kimoja tu, na asiyejibu hupoteza vyote. Kwa Nadine hapakuwa na cha kuchagua. Mtoto wa Harlow ataenda chuo cha jimbo, kwa bei ya mtoto wa nyumbani. Asichojua ni kwamba Jumanne binti yake aliitwa na chuo hicho hicho kuhojiwa juu ya ukazi wake, yaani jimbo analohesabiwa kuwa mkazi wake.

Bwana Prentiss wa ofisi ya usajili, aliyemwita, alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kahawa, akamsogezea hata sukari.

"Leseni yako ya gari ni ya jimbo la ng'ambo," alisema.

"Ndiyo, bwana. Mama anahitaji mashine mara tatu kwa wiki. Hospitali yetu mliifunga."

"Sisi ni chuo, bibie. Hatufungi hospitali."

"Basi jimbo."

"Jimbo liliiacha ifungwe. Ni mambo mawili tofauti."

Tressa alimweleza, polepole, kama anayemweleza mtoto. Kadi ya matibabu ya maskini hukomea mpakani. Ili Nadine atibiwe ng'ambo, ilibidi ahamie ng'ambo. Na ili Tressa apewe ujira mdogo wa kumuuguza mama yake, unga na mafuta ya gari vipatikane, ilibidi naye ajiandikishe ukazi huko huko. Kutoka mlango wa karavani wanamoishi hadi Harlow ni mwendo wa kumaliza sigara moja.

"Watu wangu wamezikwa Harlow, vizazi vitano," alisema. "Kila Mei tunapanda mlimani kusafisha makaburi na kuweka maua. Hata waliohamia mbali hurudi siku hiyo. Babu yangu alifia mgodini hapa. Makaa aliyochimba ndiyo yaliyowasha taa za jengo lako hili."

"Pole sana. Lakini wafu hawalipi kodi."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu mbaya unaweza kumtukana ukaondoka umepumua.

"Nikirudi Harlow nikae mwaka mzima?"

"Inawezekana. Ila kanuni inataka usiwe umerudi kwa ajili ya masomo."

"Nirudi kwa ajili ya nini, basi?"

"Hilo siwezi kukufundisha kusema."

"Na mama atapelekwa na nani kwenye mashine?"

"Hilo ni la jimbo analokaa."

Tressa aliweka kikombe chini. "Na picha yangu?"

"Picha gani?"

"Ya bangoni. Pale darajani."

Uso wa Bwana Prentiss ulichanua kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe! Imependeza sana ile. Kila mtu hapa anaisifu."

"Inasema mimi ni wa kwenu."

"Ah, hiyo ni idara nyingine," alisema, akainuka kumfungulia mlango.

Njia mbili zilimshinda fisi, wasemao husema, lakini fisi angalau alinusa nyama kotekote. Kwa bei ya mgeni, ada ya chuo cha nyumbani ilikaribia kabisa ile ya chuo cha kibinafsi. Mkopo wa serikali ungekomea njiani kwa vyote viwili. Benki ingejazia iliyobaki, mradi alete mdhamini mwenye mali, na Tressa alikuwa na mama mwenye sweta ya mkono mmoja. Jimbo lile lilikuwa limelia miaka mingi kwamba madaktari hawataki kukaa milimani. Sasa alikuwapo anayetaka, nao wakamdai ada ya mgeni kwa sababu hakumwacha mama yake afe ndani ya mpaka.

Ijumaa, saa tisa na nusu, mashine ilikuwa ikinguruma. Simu ilikuwa kiganjani mwa Tressa, na vyuo vyote viwili vilikuwa bado vinasubiri jibu lake.

"Umeshawaambia wale matajiri wa nyuma ya milima hapana?" Nadine aliuliza. "Waambie mapema, mwanangu. Kuna mtoto wa watu anasubiri kiti hicho. Usiwe mchoyo."

"Nitawaambia, mama."

"Leo?"

"Leo."

Alitaka kumweleza. Tangu Jumanne alitaka. Lakini Nadine angefanya nini, ila kusema aondolewe sindano, akafie Harlow ili binti apate anwani? Angeweza kabisa kusema hivyo, na angekuwa hatanii.

Ng'ambo, mafundi wawili walikuwa wamepanda ngazi. Walikuwa wanafunga taa juu ya bango, ili lionekane hata usiku. Mmoja alishika kidevu cha msichana wa koti jeupe asije akaanguka.

Muuguzi mpya alikuja kukagua mirija. Alitazama dirishani, akamtazama Tressa, akatazama tena dirishani.

"Mbona kama ndiye huyu?"

"Ndiye!" Nadine alisema, akijiinua kitini kadiri mirija ilivyomruhusu. "Geuka, mwanangu, akuone ubavu ule ule. Hivyo. Na ucheke basi, kama pale."

Simu ilikuwa bado mkononi. Tressa aligeuka kuelekea dirishani, akaonyesha meno.